Kilichobaki Nje ya Lango la Kiwanda

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, wazee wetu, kina mama na kina baba, na ninyi vijana mliokosa viti mkasimama huko nyuma, nawashukuru kwa kuniita. Mada mliyonipa ni pana: athari za viwanda katika jamii, uchumi na mazingira. Nikiipitia yote tutakesha. Kwa hiyo nimeamua kufuata swali moja tu: gharama ya kiwanda huandikwa wapi, na nani huilipa?

Niwasomee kwanza namba chache. Mwaka 1842, nchini Uingereza, Edwin Chadwick alitoa taarifa ndefu juu ya afya ya watu wa tabaka la wafanyakazi. Ndani yake mna jedwali dogo la wastani wa umri wa kufa. Katika wilaya ya mashamba ya Rutland, watu wa daraja la juu walikufa wakiwa na wastani wa miaka 52, na vibarua miaka 38. Katika mji wa viwanda wa Manchester, watu wa daraja la juu walifikisha miaka 38, na vibarua miaka 17.

Naam, 17. Wastani huo uliteremshwa na vifo vya watoto, maana zaidi ya nusu ya watoto wa vibarua wa Manchester hawakufikisha umri wa miaka mitano. Na linalonigusa zaidi ni kwamba kibarua wa Manchester alilipwa vizuri kuliko kibarua wa Rutland. Alikwenda mjini kutafuta mshahara, akaupata, kisha akazika wanawe. Hata tajiri wa Manchester, pamoja na mali zake zote, aliishi miaka ileile ya kibarua wa shambani.

Sasa fikirini daftari la hesabu la kiwanda cha pamba cha siku zile. Limeandikwa pamba iliyonunuliwa, makaa ya mawe, mishahara, matengenezo ya mashine, nguo zilizouzwa, na mwisho wa ukurasa faida. Vile vifo hamvioni. Mwenye kiwanda hakuwa na haja ya kuvificha, kwa sababu hakuna aliyemtaka aviandike. Hapo ndipo ninapotaka tusimame leo. Kiwanda hakihesabu gharama ambayo hakijalazimishwa kuihesabu. Na gharama isiyohesabiwa haipotei. Hulipwa na mtu mwingine aliye nje ya lango, na mara nyingi mtu huyo hana uwezo wa kukataa.

Kabla sijaenda mbali niseme wazi kwamba sikuja kuvilaani viwanda. Kila aliyeketi hapa amevaa kazi ya kiwanda. Kabla ya mashine, nguo moja ilimeza kazi ya siku nyingi: kuchambua pamba, kusokota uzi kwa mkono, kufuma, kushona. James Hargreaves alibuni mashine yake ya kusokota nyuzi nyingi kwa pamoja katika miaka ya 1760. Richard Arkwright akasajili yake, iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji, mwaka 1769, na mwaka huohuo James Watt akasajili njia ya kuifanya injini ya mvuke itumie makaa machache zaidi. Bei ya uzi ikaanguka, na nguo ya pamba ikawafikia watu ambao wazazi wao walikuwa na vazi moja la kuvaa na kufua. Chuma kikafuata, reli zikafuata, sabuni na dawa zikafuata. Karibu na mwaka 1800, tukichukua dunia nzima, watoto zaidi ya wanne katika kila kumi walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Leo ni chini ya mmoja katika kila 25. Mabomba ya maji safi yametoka kiwandani, chanjo pia, jokofu la kuhifadhia chanjo pia. Mwaka 1913, huko Oppau, Ujerumani, kiwanda kilianza kutengeneza amonia kutokana na naitrojeni ya hewani kwa njia ya Fritz Haber na Carl Bosch, na mbolea inayopatikana kwa njia hiyo ndiyo inayolisha karibu nusu ya binadamu wote walio hai. Siwezi kumtazama usoni mama ambaye mwanawe amepona kwa sababu ya hayo, nikamwambia viwanda ni laana.

Ninachokikataa ni ile kauli kwamba mateso yaliyokuja pamoja na neema hizo yalikuwa hayaepukiki, ati ni ada ya lazima ambayo kila taifa sharti lilipe. Nimeisoma historia hii kwa miaka mingi, na kila ninapoitazama karibu naona kwamba dawa ilikuwapo, ilijulikana, na mara nyingi ilikuwa rahisi. Kilichokosekana ni mtu wa kulazimisha itumike.

Tuanze na kazi yenyewe. Mfumaji wa zamani alifanya kazi nyumbani kwake, na watoto wake walimsaidia. Tusiyapambe maisha yale. Yalikuwa ya taabu, na mtoto alifanya kazi tangu udogo. Lakini alikuwa na amri juu ya siku yake. Kiwanda alichojenga Arkwright huko Cromford mwaka 1771 kilifanya kazi usiku na mchana, kundi moja la wafanyakazi likitoka na jingine likiingia. Gurudumu la maji halichoki wala haliugui, na kengele haimsubiri mtu. Kuanzia hapo saa ikawa mali ya mwajiri. Watoto walipendwa viwandani kwa sababu walilipwa kidogo, na kwa sababu mwili mdogo hupenya chini ya mashine inayozunguka, kuokota pamba iliyodondoka na kuunga nyuzi zilizokatika. Wengine walikatika vidole, wengine walivutwa nywele na mikanda ya mashine.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwalinda mwaka 1802, likatunga nyingine mwaka 1819. Zote mbili zilibaki karatasi, maana hazikuwa na mkaguzi wa kuzisimamia. Mwaka 1833 ndipo ilipokuja sheria iliyokuwa na meno. Ilikataza kuajiri mtoto aliye chini ya miaka tisa katika viwanda vingi vya nguo, ikaweka kikomo cha saa tisa kwa siku kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 13, na ikateua wakaguzi wanne wenye mamlaka ya kuingia kiwandani. Wanne tu, kwa nchi nzima! Nao mara moja wakakutana na tatizo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria sana: utamjuaje mtoto kwamba ana miaka tisa, wakati serikali haina daftari la vizazi? Mzazi mwenye njaa alisema mwanawe ana kumi, mwajiri akakubali, na daktari akamkadiria kwa kimo na kwa meno. Uandikishaji wa vizazi na vifo wa kiserikali ulianza Uingereza mwaka 1837. Watu huliona jambo hilo kama kazi ya makarani, lakini kwangu ni mojawapo ya silaha kubwa alizowahi kupewa mtoto wa kiwandani. Aliyeandikwa ana umri. Asiyeandikwa ana umri wowote anaoutaka mwajiri.

Wapo waliopambana kwa njia nyingine. Kati ya mwaka 1811 na 1816, mafundi wa nguo katika wilaya za kati na za kaskazini mwa Uingereza walivunja mashine usiku. Wengi huwataja kama wajinga waliochukia maendeleo, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Walikuwa mafundi waliobobea, na mara nyingi waliziacha salama mashine za mwajiri aliyelipa bei iliyokubaliwa na mafundi, wakazivunja za yule aliyeishusha. Madai yao yalikuwa ya mgawanyo wa faida. Bunge liliwajibu mwaka 1812 kwa kuweka hukumu ya kifo kwa mvunja mashine, na mjini York, Januari 1813, walinyongwa watu 17. Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen amekadiria kwamba kati ya 1780 na 1840 uzalishaji wa kila mfanyakazi wa Uingereza ulipanda kwa asilimia 46, na mshahara halisi, yaani kile ambacho mshahara unaweza kununua, ukapanda kwa asilimia 12. Ni muda wa vizazi viwili. Mtu alizaliwa, akafanya kazi, akafa, na neema ya mashine haijafika mezani kwake. Mishahara ilikuja kupanda baadaye, ni kweli, lakini baadaye hiyo haimsaidii aliyekwisha zikwa.

Na ile pamba ilitoka wapi? Hapa lango lenyewe linapanuka, linavuka bahari. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kutenganisha pamba na mbegu, na viwanda vya Uingereza vikawa na njaa isiyoshiba. Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa wapatao 700,000. Mwaka 1860 walikuwa wanakaribia milioni 4, na wengi wao walikuwa mashambani kwa ajili ya pamba. Mashine iliyoleta nafuu ya kazi upande mmoja wa Atlantiki iliongeza minyororo upande wa pili. Bei ya pamba iliingia katika daftari la Manchester. Aliyeichuma hakuingia, ila labda kama sehemu ya bei.

Nirudi kwenye miji. Manchester ilikuwa na watu wapatao 75,000 mwaka 1801, na miaka 50 baadaye walikuwa zaidi ya 300,000. Nyumba zilijengwa zikiegemeana migongo, bila mifereji, choo kimoja kwa familia nyingi. Kipindupindu kilipiga Uingereza mwaka 1831 na kurudi tena na tena. Mwaka 1854 daktari John Snow aliwahesabu waliokufa katika mtaa mmoja wa London, akafuata kila mmoja alichota maji wapi, akaonyesha kwamba vifo vimeizunguka pampu moja. Hata hivyo mifereji mikubwa ya majitaka ya London ilipata fedha mwaka 1858, katika kiangazi ambacho mto Thames ulinuka mpaka wabunge, ambao jengo lao liko ukingoni mwa mto huo, wakashindwa kukaa. Miaka ishirini na zaidi masikini walikufa. Harufu ilipoingia ukumbini, hela zikatoka ndani ya wiki chache. Mhandisi Joseph Bazalgette aliijenga kazi ile kwa ustadi mkubwa na kipindupindu kikatoweka London. Naomba mkumbuke mpangilio wa mambo hayo: gharama ililipwa pale ilipomfikia mwenye uwezo wa kuamua.

Sasa niwapeleke kwenye kisa ambacho nadhani kila mhandisi na kila mbunge angepaswa kukijua, na ni wachache wanaokijua. Viwanda vya sabuni, vioo na nguo vilihitaji magadi kwa wingi. Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya ubunifu mwaka 1791 kwa njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Unaipika chumvi pamoja na asidi ya salfa, kisha unaiunguza na makaa na chokaa. Njia ilifanya kazi vizuri, ila hatua ya kwanza ilitoa gesi kali ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi. Viwanda vya Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, viliiachia itoke dohani. Miti iliyopukutika haikuchipua tena, mazao ya wakulima yaliungua shambani, chuma cha malango kililika, macho na vifua vya watu viliwasha. Wenye viwanda walijenga madohani marefu zaidi, na matokeo yake gesi ikaangukia mashamba ya mbali zaidi.

Lakini sikilizeni. Mwaka 1836 William Gossage, ambaye mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa magadi, alibuni mnara uliojazwa vipande vya makaa, maji yakitiririka kutoka juu na gesi ikipanda kutoka chini. Gesi ile hupenda maji. Ikayeyuka karibu yote ndani ya mnara, na hewa iliyotoka juu ikawa nafuu kabisa. Dawa ilipatikana mwaka 1836! Baadhi waliujenga mnara huo, wengine wakaujenga ovyo au wakauacha, kwa sababu moshi ulikuwa wa jirani na maji ya kuusafisha yangekuwa ya kwao. Ikapita miaka 27. Mwaka 1863, baada ya wenye mashamba makubwa kulalamika katika Baraza la Malodi, yaani baraza la makabaila katika Bunge la Uingereza, ikatungwa sheria iliyowataka wenye viwanda vya magadi wanase angalau asilimia 95 ya gesi ile. Mkaguzi wake wa kwanza alikuwa mkemia Robert Angus Smith, mtu ambaye tangu 1852 alikuwa akipima mvua ya Manchester na kuikuta na asidi. Smith hakwenda viwandani na askari. Alikwenda na chupa za kupimia. Alimwonyesha mwenye kiwanda ni kiasi gani kinamtoroka, akamwelekeza mahali penye ufa, akarudi kupima tena. Kwa muda mfupi viwanda vingi vilikipita kile kiwango cha asilimia 95.

Kisa hakikuishia hapo. Kwa kuwa sasa ile gesi ilinaswa majini, wenye viwanda walijikuta na asidi nyingi, na mwanzoni waliimwaga mitoni, maana sheria ilitaja hewa peke yake. (Sheria yenye tundu moja hupitiwa hapohapo.) Kisha, katika miaka ya 1860 na 1870, wakemia Walter Weldon na Henry Deacon walibuni njia za kuitoa klorini katika asidi hiyo na kuigeuza kuwa dawa ya kupaushia nguo na karatasi. Dawa hiyo iliuzika mno. Ilifika wakati viwanda vya Leblanc, vikishindana na njia mpya na rahisi ya kutengeneza magadi, vilisalimika kwa fedha ya kile walichokuwa wakikimwagia jirani kama uchafu. Nawasihi mkitafakari kisa hiki kila mnaposikia kwamba sheria ya mazingira itaua viwanda.

Mtaniambia hayo ni ya zamani, elimu ilikuwa changa. Basi twende Japani, katika mji wa Minamata. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilianza kutengeneza asetaldehaidi, kemikali ya viwandani, mwaka 1932, kikitumia zebaki kuharakisha utengenezaji, na maji yake machafu yalimwagwa ghubani. Ndani ya maji yale mlikuwa na zebaki ya aina mbaya kuliko zote, ile inayoingia katika samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia katika ubongo wa mlaji. Paka wa wavuvi ndio walioanza, wakiyumba na kuzunguka kama wamepandwa na wazimu. Mwezi Mei 1956 daktari Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda hichohicho, aliitaarifu ofisi ya afya juu ya ugonjwa usiojulikana wa mishipa ya fahamu: watoto wasioweza kutembea wala kusema, watu wazima waliotetemeka na kupofuka. Baadaye walizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa kutoka kwa mama ambao wenyewe hawakuonekana kuugua.

Hosokawa alifanya jaribio. Alichukua maji machafu ya sehemu ya asetaldehaidi, akayachanganya na chakula cha paka aliyepewa namba 400. Oktoba 1959 paka yule akapata ugonjwa uleule. Kampuni ikapata jibu lake, ndani ya kuta zake, kwa mikono ya daktari wake. Jibu hilo halikutangazwa. Desemba mwaka huohuo kampuni ilitia saini na familia za wagonjwa mkataba wa pesa za pole, na ndani yake mlikuwa na kifungu kwamba hata ikija kuthibitika kwamba kiwanda ndicho chanzo, wagonjwa hawatadai zaidi. Zebaki iliendelea kumwagwa mpaka 1968, na ni Septemba mwaka huo serikali ilipokiri rasmi chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1965 ugonjwa huohuo ulikwisha kuzuka Niigata kutokana na kiwanda cha kampuni nyingine. Hosokawa alitoa ushahidi mwaka 1970 akiwa kitandani hospitalini, na akafa mwaka huohuo. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliihukumu Chisso na kuutupilia mbali ule mkataba wa pesa za pole. Tangu hapo wagonjwa zaidi ya 2,000 wametambuliwa rasmi, na maelfu wengine wamepigania kutambuliwa.

Mimi nikikisoma kisa hiki, hasira yangu haiwaendei wale waliokosa kujua. Mpaka Oktoba 1959 mtu angeweza kusema hakujua. Kuanzia siku ya paka 400, kila pipa lililomwagwa lilimwagwa na watu wenye taarifa mkononi. Ndiyo maana sitosheki nikiambiwa kwamba kampuni inapima uchafu wake yenyewe na matokeo inayo kabatini. Kipimo kinachokaa kabatini hakimkingi mvuvi.

Moshi nitaugusa kwa haraka. Desemba 1952, kuanzia tarehe 5 hadi 9, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London. Watu waliuona kama kero ya kawaida ya majira ya baridi. Daftari la vifo ndilo lililosema ukweli, wiki kadhaa baadaye: watu wapatao 4,000 zaidi ya kawaida walikuwa wamekufa, na makadirio ya baadaye yamefika 12,000. Sheria ya Hewa Safi ikapitishwa mwaka 1956.

Kuhusu usalama wa wafanyakazi, mtu anaweza kudhani kwamba funzo likishapatikana mahali pamoja limepatikana kote. Machi 25, 1911, katika kiwanda cha mashati cha Triangle mjini New York, moto uliua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Jimbo likaunda tume, na zikatungwa sheria zaidi ya 30 za usalama na za kazi. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, wa saa 8 za kazi kwa siku viwandani. Ukiona vyaelea, vimeundwa: siku ya saa nane, mlango usiofungwa, ngazi ya dharura, kila kimoja kina watu waliogoma, waliofungwa au waliokufa nyuma yake. Lakini kazi ya kushona ilihama. Ilifuata mahali ambapo mshahara ni mdogo na mkaguzi hayupo. Aprili 23, 2013, huko Savar karibu na Dhaka, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza lenye orofa nane, baadhi zikiwa zimeongezwa bila kibali. Benki iliyokuwa chini iliwaambia wafanyakazi wake wasije. Maduka yakafungwa. Washonaji wa orofa za juu wakaamriwa waje kesho yake. Tarehe 24 asubuhi jengo likaporomoka, likaua watu 1,134.

Jengo moja, ufa mmoja, taarifa moja. Karani wa benki alibaki nyumbani, mshonaji akapanda ngazi. Tofauti yao haikuwa ya elimu. Wote waliuona ufa. Mshonaji asingekwenda angekosa mshahara wa mwezi.

Na kuna gharama ambayo lango lake ni anga lote. Kabla ya viwanda, hewa ya ukaa angani ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni. Charles Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa karibu 315. Sasa imepita 420, na dunia imeshapata joto la zaidi ya nyuzi 1. Wanaolipa deni hilo wengi wao hawakuwahi kumiliki dohani, na wengine hawajazaliwa. Hapa ndipo swali langu linapokuwa gumu kuliko pote, maana yule kibarua wa Manchester angalau angeweza kugoma. Hata hivyo sijakata tamaa, na sababu ninazo. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zinaila ozoni, tabaka la angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal, nchi zote zikaja kuuridhia, gesi hizo zikaondolewa karibu zote, na tabaka la ozoni linajirudi. Uingereza nayo, iliyowasha kituo cha kwanza cha umeme wa makaa ya mawe mjini London mwaka 1882, ilikizima cha mwisho Septemba 30, 2024.

Nafahamu swali mlilonalo, kwa sababu watu huniuliza kila mahali. Je, nchi inayoanza leo kujenga viwanda inaweza kumudu yote hayo? Si bora itajirike kwanza, kisha isafishe? Ndugu zangu, ghuba ya Minamata ilibidi ichimbwe tope lake lenye zebaki na kufukiwa kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi, na hakuna fedha iliyowarudishia watoto wale akili na miguu. Mnara wa Gossage ulikuwa makaa, matofali na maji. Anayeanza leo ana bahati ambayo Manchester haikuwa nayo: anajua tayari ni nini kitatoka dohani, ni nini kitakwenda mtoni, na ni mlango upi haupaswi kufungwa. Akichagua kusubiri, atakuwa anasubiri akiwa na taarifa mkononi.

Kwa hiyo ninyi mtakaokaa mezani siku mwekezaji anapokuja na ramani zake, msiulize tu ajira ngapi na kodi kiasi gani. Mwambieni aonyeshe vipimo vya maji ya mto kabla hajajenga, vibaki kama ushahidi. Mkubaliane nani atapima baada ya hapo, nani atamlipa mpimaji ili asile mkononi mwa mpimwa, na matokeo yatabandikwa wapi ili jirani ayasome. Mhakikishe anayefichua hafukuzwi kazi. Hayo yamekwisha kufanyika. Baada ya Rana Plaza, kampuni za nguo zaidi ya 200 zilitia saini na vyama vya wafanyakazi mapatano yenye nguvu ya kisheria kuhusu moto na usalama wa majengo. Viwanda zaidi ya 1,600 vya Bangladesh vikakaguliwa na wahandisi wasio waajiriwa wa wenye viwanda, na taarifa za ukaguzi zikawekwa wazi kwa yeyote kuzisoma. Ndani ya mapatano hayo mna haki moja ambayo washonaji wa Rana Plaza hawakuwa nayo asubuhi ile: mfanyakazi mwenye sababu ya kuamini kwamba jengo si salama anaweza kukataa kuingia, na mshahara wake haukatwi. Haki hiyo iingizwe katika mkataba wa kila kiwanda kipya, kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.